Nina amri ya ulezi kutoka nyumbani, huku haitoshi. Nimwasili mtoto wa marehemu dada yangu?

Mshauri, salaam.

Naomba msitaje jina langu wala nchi ninayoishi, maana ndugu zangu husoma safu hii.

Dada yangu alifariki akaacha mtoto mmoja wa kiume, ambaye sasa ana miaka 11. Baba yake yupo hai. Waliachana zamani na hatoi matumizi, ila hupiga simu na hupenda kujua mwanawe anaendeleaje. Baada ya msiba familia ilikaa ikaamua nimchukue mimi, mama yake mdogo. Hatukuishia kwenye kikao. Tulikwenda mahakamani, shemeji akafika mbele ya hakimu akasema hana pingamizi, nikapewa amri ya ulezi mpaka mtoto atimize miaka 18. Kwa karatasi hiyo nimemwandikisha shule, nimemtibu, nimesimamia kiwanja na akiba aliyoachiwa na mama yake, wala hakuna aliyenitilia shaka.

Kisha nikaolewa na raia wa nchi nyingine, nikamfuata. Nina kibali cha kuishi huku. Mtoto nilimwacha kwa mama yangu, nikidhani nitamfuata baada ya muda mfupi. Tulipomwombea viza kama mwanafamilia, jibu likaja kwamba mimi ni mlezi, si mzazi, na amri yangu peke yake haimpi mtoto haki ya kuishi huku.

Tangu siku hiyo kila mtu ana lake. Mume wangu anasema twende nyumbani wakati wa likizo, tumwasili kwenye mahakama ileile iliyonipa ulezi, turudi naye akiwa mtoto wetu kamili. Wakala mmoja wa nyaraka anadai shida ni mhuri tu, amri ikipigwa apostili itakubalika kote. Binamu yangu anashauri aje kwa viza ya matembezi, kisha tumwasili akiwa tayari huku. Na kuna jamaa amenong'ona kwamba cheti cha kuzaliwa kinaweza "kurekebishwa" nionekane mimi ndiye niliyemzaa.

Shemeji alikubali ulezi bila maneno, lakini aliposikia neno kuasili alibadilika. Alisema, "Mnataka kunifuta." Mtoto mwenyewe anataka sana kuja. Ila juzi aliniuliza kwenye simu: "Mama mdogo, nikija nitabaki na jina la baba?" Nilishindwa kumjibu.

Je, nimwasili? Na nikimwasili huko, huku watanitambua?

Mama Mdogo, ughaibuni

JIBU

Mama Mdogo, pole kwa msiba na pole kwa umbali. Ulifanya jambo ambalo familia nyingi huliacha: ulikwenda mahakamani mapema, na baba akasikilizwa. Hilo litakufaa sana, kwa sababu nitakazozieleza hapa chini.

Unauliza kama utatambuliwa, na barua yako yote inalichukulia hilo kama swali moja. Mimi nayaona matatu. Wewe ni nani kwa mtoto huyu kisheria? Una mamlaka gani juu yake? Na je, anaruhusiwa kuvuka mpaka na kuishi mlipo? Kila moja lina ofisi yake na sheria yake. Hospitali ya huko inaweza kuikubali amri yako kesho asubuhi ukisaini idhini ya matibabu, huku uhamiaji wakiikataa amri hiyohiyo mchana. Kwa hiyo jibu la viza halimaanishi kwamba ulezi wako umekufa. Umekataliwa kwenye mlango mmoja tu, wa mwanafamilia anayehesabiwa kwa uzazi. Isome tena barua ya uhamiaji uone kama kuna aina nyingine ya kibali, kwa mfano ya mtoto aliye chini ya ulezi wa ndugu. Nchi kadhaa zinayo, kwa masharti magumu zaidi.

Jambo la pili ninaloomba ulitazame upya ni dhana kwamba kuasili ni ulezi ulioongezwa nguvu. Ulezi unakupa mamlaka ya kumtunza na kumwamulia mpaka afike umri wa utu uzima, na baba anabaki baba. Kuasili kunabadilisha uzazi wenyewe, tena moja kwa moja. Kuasili kwenyewe kuna namna mbili. Kuna kuasili kamili, ambako hukata uhusiano wa kisheria na wazazi wa mwanzo, na kuna kuasili kwa kawaida, ambako sheria za nchi fulani huacha sehemu ya uhusiano huo ukiwa hai. Mtoto akiasiliwa kwa namna ya pili nchi moja, nchi inayompokea yenye namna ya kwanza inaweza kukugeuza kuwe kuasili kamili, lakini Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili baina ya nchi, kifungu cha 27, unataka wazazi na wahusika wawe wameridhia mabadiliko hayo makubwa zaidi, si madogo waliyoyaridhia mwanzo. Kwa hiyo shemeji yako hakuropoka. Kuasili kamili hufanya jambo lilelile analoliogopa, na ridhaa aliyoitoa kwa ulezi haiwezi kutumika kama ridhaa ya kuasili. Itabidi aulizwe upya, aelezwe matokeo, aridhie kwa maandishi na kwa hiari, bila malipo ya aina yoyote. Hata nauli mtakayompa siku ya kesi, iombeeni risiti.

Tuje kwa wakala. Apostili, iliyoanzishwa na Mkataba wa Hague wa 5 Oktoba 1961, huthibitisha mambo matatu: saini ni ya kweli, aliyesaini alikuwa na cheo hicho, na mhuri ni halali. Haisemi lolote kuhusu yaliyoandikwa ndani, wala haiilazimishi nchi nyingine kuyatekeleza. Mnaihitaji, ndiyo, lakini ni mwanzo tu wa safari. Na watu wengi huharibu hata hapo mwanzoni. Hupeleka fotokopi iliyogongwa mhuri wa wakili, kisha apostili inathibitisha saini ya wakili badala ya ya mahakama. Omba masijala ya mahakama ikupe nakala mpya iliyothibitishwa ya amri, pamoja na barua inayosema amri bado ina nguvu na haijakatiwa rufaa. Apostili iwekwe kwenye hizo. Tafsiri ifanywe mwisho, na mtafsiri anayetambuliwa na nchi mliyopo, ili maneno ya apostili nayo yatafsiriwe. Kama mojawapo ya nchi zenu si mwanachama wa mkataba huo, mtapita njia ndefu: mahakama, wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi. Kagua pia majina herufi kwa herufi. Jina la mtoto kwenye amri, cheti cha kuzaliwa na pasipoti likitofautiana hata kwa herufi moja, tengenezeni kiapo cha majina kabla ya kupeleka chochote.

Sasa ulezi wenyewe. Mkataba unaouhusu ni mwingine, wa 19 Oktoba 1996, unaoshughulikia wajibu wa wazazi na ulinzi wa watoto. Unataja ulezi kwa jina, na hata kafala, yaani malezi ya mtoto kwa sheria ya Kiislamu yasiyobadilisha uzazi, ila kifungu cha 4 kinatoa nje masuala ya kuasili. Wanachama wake ni zaidi ya 50, wachache kuliko wa ule wa 1993 ambao wamepita 100, kwa hiyo usikisie. Orodha ya kila mkataba ipo kwenye tovuti ya Mkutano wa Hague, shirika linalosimamia mikataba hii, nawe tazama nchi zote mbili, pamoja na kama nchi moja iliwahi kuipinga nyingine kujiunga.

Kama zote ni wanachama, kwa kawaida amri yako inatambuliwa kwa nguvu ya sheria, bila kesi mpya. Kifungu cha 23 kinaorodhesha sababu za kuikataa, na hapo ndipo faili lako la zamani linapopata thamani. Je, mahakama ilikuwa na mamlaka, yaani mtoto alikuwa akiishi nyumbani kwa kawaida? Je, baba alipewa nafasi ya kusikilizwa? Umesema alifika. Je, mtoto alipewa nafasi ya kusema? Hapo sina jibu, na barua yako haikugusa. Agiza mwenendo wa kesi, usome. Kama hakuulizwa kabisa, mtu anaweza kuishikilia hoja hiyo. Kifungu cha 24 kinakuruhusu kuomba uamuzi wa utambuzi mapema, badala ya kungoja mwalimu mkuu au daktari atilie shaka. Na cha 40 kinaruhusu mamlaka kutoa cheti kinachoeleza wewe ni nani na una mamlaka gani, ingawa si kila nchi hutoa.

Nchi moja ikiwa si mwanachama, mtategemea sheria ya ndani ya nchi uliko. Mara nyingi mahakama ya huko haitaitekeleza amri ya nje moja kwa moja. Itakutaka uombe amri mpya, na ile ya nyumbani itakuwa ushahidi mzito kwamba jambo lilikwisha kuchunguzwa. Shida ni kwamba mahakama hiyo huenda isiwe na mamlaka mpaka mtoto awe anaishi huko, na uhamiaji nao hawamruhusu kuja mpaka kuwe na amri. Mzunguko huo huvunjwa kwa kuirudia mahakama ya nyumbani ikupe amri ya nyongeza, inayosema wazi kwamba mlezi anaruhusiwa kuhama na mtoto kwenda nchi fulani, kuishi anwani fulani, na baba ataendelea kuwasiliana naye kwa namna gani.

Nyongeza hiyo ningeifikiria hata kama uhamiaji wangesema ndiyo leo. Amri nyingi za ulezi humkataza mlezi kumtoa mtoto nje ya nchi bila idhini ya mahakama, na baba ambaye bado ana haki ya kuamua mtoto aishi wapi anaweza kuutumia Mkataba wa 1980 kuhusu utekaji wa watoto, ikiwa unazihusu nchi zenu, kudai arudishwe. Akilalamika kabla mwaka haujaisha tangu mtoto ahamishwe, kanuni ni kumrudisha upesi, isipokuwa kwa sababu chache. Kwa hiyo barua ya shemeji isiseme "namruhusu kusafiri". Iseme anaridhia mtoto ahamie na kuishi. Tofauti ya maneno hayo mawili imewagharimu watu wengi.

Sasa pendekezo la mume wako. Linaonekana safi kuliko yote, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu tatizo lake halionekani siku ya hukumu. Kinachoangaliwa hapa ni makazi: mtoto anaishi nyumbani, nyinyi mnaishi nje. Mkataba wa 1993 unahusu hali hiyohiyo, mtoto mkaazi wa nchi moja kuasiliwa na wakaazi wa nchi nyingine, hata kama wanaoasili ni ndugu wa damu, hata kama wewe bado ni raia wa nyumbani. Ndugu wamesamehewa kanuni moja, ile ya kifungu cha 29 inayozuia waombaji kuwasiliana na wazazi au walezi wa mtoto kabla ya wakati. Utaratibu wenyewe hawakusamehewa.

Na utaratibu unaanzia mlipo. Mnaomba kwa Mamlaka Kuu ya nchi mnayoishi, yaani ofisi iliyoteuliwa na nchi kusimamia mkataba. Maafisa wa ustawi wanakuja nyumbani, wanachunguza ndoa, kipato, afya na rekodi za polisi, wanaandika ripoti. Inatumwa nyumbani, ambako Mamlaka Kuu ya huko inaandaa ripoti ya mtoto, inahakikisha ridhaa zimepatikana na maoni yake yamezingatiwa. Mamlaka zote mbili zinakubali, na nchi mliyopo inahakikisha mtoto ataruhusiwa kuingia na kukaa. Ndipo amri ya kuasili inatolewa, na pamoja nayo cheti cha kifungu cha 23 cha mkataba huu wa 1993. Cheti hicho ndicho kinachofanya nchi nyingine wanachama ziitambue bila kubishana. Zinaweza kuikataa tu pale inapogongana waziwazi na misingi mikuu ya sheria zao, na hata hapo lazima zizingatie maslahi bora ya mtoto.

Mkiruka yote hayo mkaasili wakati wa likizo, hakimu anaweza kuwapa hukumu halali kabisa ya ndani, na bado ikakosa cheti. Mtoto atakuwa wenu nyumbani na si wenu huko. Kurudi nyuma ni kugumu, kwa maana huenda usiweze kuanza kumwasili upya mtoto ambaye kisheria ni wako tayari. Wapo waliofika mbali kudai haki: mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Luxembourg ilikiuka haki ya maisha ya familia kwa kukataa kuitambua hukumu ya Peru iliyompa mama asiye na mume mtoto wa kuasili. Hukumu ya Peru ilitolewa 1996. Piga hesabu ni miaka mingapi ya utoto wa mtoto yule ilipita mpaka mambo yalipokwisha.

Nje ya mkataba kila nchi ina mlango wake. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo hukumu zake za kuasili inazitambua moja kwa moja. Marekani, kwenye ombi la kawaida la familia, hutaka mtoto awe ameasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16, na pawepo miaka 2 ya ulezi wa kisheria na miaka 2 ya kuishi pamoja. Umri wa kijana wako bado unaruhusu njia nyingi, ila usiuache uende. Na mahali popote, kutambuliwa kwa kuasili si kupewa uraia. Hilo liulizeni peke yake.

Binamu yako anataka mtoto aje kwa viza ya matembezi. Fomu ya viza huuliza dhumuni la safari, na mkiandika matembezi huku mnakusudia kuhamia, mmesema uongo ambao utafunguliwa kwenye kila ombi la baadaye, la mtoto na lako. Tena kumwingiza mtoto kwanza ndipo mwombe kumwasili ni kukwepa utaratibu niliousimulia hivi punde, na mahakama inaweza kukataa kuigusa kesi. Mtoto atabaki bila kibali, bila kuasiliwa.

La cheti cha kuzaliwa sitalizungushia maneno. Ni kughushi. Ofisi za viza huweza kuomba kipimo cha vinasaba, faili la kesi yako ya ulezi lipo mahakamani likisema mama ni marehemu, na siku karatasi hizo mbili zitakapokutana, njia zote halali mlizonazo zitafungwa. Kuna na hili: utakuwa umemfuta dada yako.

Nirudi kwa swali la kijana, kwani ni la kisheria kuliko unavyodhani. Jina, katika nchi nyingi, linaweza kubaki hata akiasiliwa, ikiwa mtaliomba kwenye kesi, lakini halibaki lenyewe. Urithi una sura yake pia. Kiwanja na akiba alivyokwisha kurithi kwa mama yake kwa kawaida haviondoki, ila haki ya kurithi siku zijazo upande wa baba inaweza kukatika kwa kuasili kamili. Muulize wakili wa nyumbani kabla hamjaamua, na umuulize pia nani atasimamia kiwanja ukiwa mbali, maana mamlaka yako juu ya ardhi hufuata sheria ya ardhi ilipo. Kwa umri wake atahitaji mtu wa kumweleza mambo haya, pengine asiwe wewe wala mume wako, ili aseme anachotaka bila kuogopa kumuumiza yeyote. Umwambie ukweli kwamba hujajua bado. Si aibu.

Ukibaki na ulezi, kuna mashimo mawili ya kuziba. Amri imekutaja wewe tu. Mume wako hana mamlaka yoyote juu ya mtoto, hata ya kumtia saini hospitali ukiwa safarini, na ukifariki mtoto anabaki bila mlezi kwenye nchi ya ugeni. Omba mume wako aongezwe, au taja mlezi mbadala kwa njia inayokubalika nchi zote mbili. Shimo la pili ni miaka 18. Siku hiyo ulezi unakwisha, na kibali cha kukaa kinachotegemea ulezi kinaweza kwisha nao, kwa hiyo lazima awe amepata kibali chake mwenyewe kabla.

Ukiegemea kuasili, gharama yake ni muda, uchunguzi, na mazungumzo magumu na shemeji ambayo yanaweza kuishia kwenye hapana. Hapana yake inaweza kufunga njia hiyo, isipokuwa mahakama iwe na sababu nzito ya kuiondoa haja ya ridhaa yake, na kutotoa matumizi pekee huenda kusitoshe kwa baba anayepiga simu. Wapo wanaochagua kwenda kwa hatua: ulezi utambuliwe kwanza, mtoto ahamie, na suala la kuasili lifunguliwe baadaye akiwa mkaazi wa huko, kwa kufuata sheria za huko. Nchi nyingine huliona hilo sawa, nyingine huuliza kwa ukali kama mlipanga kuasili tangu mwanzo. Uliza kabla, wala usifiche nia.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, andika barua kwa Mamlaka Kuu ya nchi uliko, uieleze hali yako kwa aya moja, na uulize: kwa mtoto huyu, anayeishi kule, nami nikiishi hapa nikiwa na amri hii ya ulezi, mnanihesabu chini ya mkataba wa 1993, wa 1996, au sheria yenu ya ndani? Jibu la maandishi litampa wakili wako mahali pa kuanzia. Na ukituandikia tena, tuambie amri yako inasema nini kuhusu kumtoa mtoto nje ya nchi, na kama hakimu alizungumza naye.